Tahadhari: fundi anayefunga kontrola "mpya" kwenye mashine kuukuu za injeksheni Nairobi

Habari zenu wenye karakana na viwanda vidogo vya plastiki, hasa mlio Baba Dogo, Kariobangi Light Industries na kando ya Lunga Lunga Road. Kuna jamaa anazunguka akijiita mhandisi wa otomesheni. Anaahidi kung'oa umeme wote wa zamani kwenye mashine yako ya injeksheni (ile inayoyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya moldi, yaani kalibu) na kukufungia kontrola ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine, na skrini ya kugusa kwa bei ambayo hakuna fundi mwingine mjini atakupa. Jina silitaji, kwa sababu hulibadilisha pamoja na la kampuni yake, na baadhi ya waliolizwa wameshaandikisha malalamiko polisi. Naeleza mbinu zake ili mumtambue hata akija na kadi nyingine.

Mimi ni fundi wa mashine hizi, na mara nyingi huitwa yeye akishaondoka.

Kubadilisha kontrola si jambo baya. Mashine ya Arburg, Engel au Battenfeld ya miaka ya 80 au 90 bado ina fremu imara na klampu (sehemu inayofunga moldi) imara. Kinachokufa ni kadi za elektroniki, na spea zake ni shida kupata. Huyu jamaa anajua hivyo. Anakukuta mashine imelala, mteja wa vifuniko anakupigia simu kila asubuhi, na uwezo wa kununua mashine mpya huna. Anakuonyesha video kwenye simu ya mashine ikifanya kazi "kwa mteja wangu". Ukisema twende tukaione, mteja huyo amesafiri. Kisha anataka asilimia 70 mbele, itumwe kwa M-Pesa yenye jina la mtu mwingine. Ukishatuma, vifaa "vimekwama Mombasa" na vinahitaji pesa ya ushuru. Hati ya forodha hautaiona kamwe.

Vifaa vikifika, ni vya mtumba. Kwenye mashine moja niliyoifungua, skrini iliyouzwa kama mpya ilikuwa bado na orodha ya moldi za kiwanda kingine kwenye kumbukumbu yake, na lebo ya PLC ilikuwa imekwanguliwa namba na tarehe. Nyaya za vihisi zilipitishwa njia moja na nyaya za mota, kwa hiyo vipimo vilirukaruka kila pampu ilipowaka.

Hasara kubwa zaidi niliyoikuta ilitokana na themokapo, yaani vihisi vya joto. Mashine nyingi hizi zilikuja na themokapo za aina ya J. Yeye huzitupa, hununua za aina ya K, halafu huiacha kontrola ikisoma kama J. Aina hizi mbili hazitoi voltiji sawa kwa joto lilelile. Skrini ikionyesha nyuzi 200, bareli (silinda ya kuyeyushia plastiki) iko karibu 260. Ukiweka 230 kwa ajili ya polipropilini, ndani unakaribia 300. Bidhaa zinatoka na madoa meusi, zinanuka, zinavunjika zikidondoka, na jibu lake ni kwamba malighafi yako ni mbovu. Nimeona mwenye karakana akibadilisha magunia ya malighafi mara kwa mara kwa sababu ya jibu hilo, na inaniuma, maana ile ilikuwa pesa ya mishahara. Ukiendesha PVC ni balaa zaidi: ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokula skrubu na bareli, na inayoumiza mapafu ya anayesimama hapo.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Toa themokapo moja ikiwa bado imeunganishwa, ichovye kwenye maji yanayochemka. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Skrini ikisoma karibu 80 au chini yake, umefungiwa aina isiyolingana.

Kisha kuna kufuli. Hakuachii nakala ya programu, hakuachii mchoro wa nyaya, na nenosiri analo yeye. Baada ya muda mashine inasimama na ujumbe wa hitilafu. Anakuja na laptopu, anakaa nayo dakika chache bila kubadilisha kifaa chochote, mashine inaamka, unalipa. Muda uleule ukipita, inasimama tena. Sina shaka kwamba amepanga hesabu ya saa ndani ya programu ili arudi kukukamua.

Lakini lililonifanya niandike ni mlango. Mashine ya haidroliki ina ulinzi wa tabaka kadhaa kwenye mlango wa moldi: swichi za umeme, mara nyingi valvu inayokata mafuta ya klampu, na kwa baadhi kipande cha chuma kinachoanguka kuzuia moldi isifunge. Zimewekwa zaidi ya moja ili moja ikifeli, nyingine iokoe mkono wa mtu. Nimekuta swichi zote mbili zimeunganishwa kwa kipande cha waya ndani ya paneli, na ile valvu imezibwa, "kwa sababu kontrola mpya haihitaji". Mashine ile hufunga moldi kwa nguvu ya tani 150. Kijana alikuwa anaingiza mkono kutoa bidhaa iliyokwama akiamini kwamba mlango ukiwa wazi yuko salama. Hakuwa salama hata kidogo. Niliizima pale pale na nikakataa kuiwasha hadi ulinzi wote uliporudishwa.

Na sheria haitamtafuta jamaa kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye eneo la kazi ahakikishe sehemu hatari za mashine zina kinga. Mfanyakazi akiumia, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Ukitafuta fundi wa kazi hii, kwanza mwambie akupeleke uone mashine aliyoifunga, ikizalisha, na uzungumze na mwenye nayo bila fundi huyo kuwepo. Tafuta kampuni yake kwenye msajili wa biashara kupitia eCitizen, na uulize leseni ya umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati. Lipa kwa hatua, kwa akaunti ya kampuni, na ubaki na kiasi cha kumuuma mpaka upate programu, nenosiri na michoro mkononi. Kabla ya kulipa hiyo ya mwisho, fungua mlango klampu ikiwa inafunga, bila mtu karibu na moldi. Isiposimama papo hapo, hakuna malipo.

Kwa waliokwisha kulizwa: hifadhini jumbe za M-Pesa, WhatsApp na picha za paneli kabla fundi mwingine hajagusa kitu. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Na kama mtu huyu ameigusa mashine yako, kagua swichi za mlango kabla zamu ya usiku haijaingia.