Hekalu la Hatshepsut, Luxor: dakika 40 hazitoshi

Nyota 4 kwa hekalu hili la mwanamke aliyetawala Misri ya kale kama mfalme, nyota 1 kwa safari niliyouziwa mara ya kwanza. Naandika yote mawili kwa sababu nilikwenda mara mbili ndani ya siku tatu, na ile ya kwanza nilitoka sijaelewa kitu.

Safari ya kwanza niliinunua hotelini: basi dogo, watu 14, Bonde la Wafalme, Hatshepsut, zile sanamu mbili kubwa za Memnon, na katikati yake karakana ya vinyago vya mawe ambayo haikuandikwa popote kwenye karatasi tuliyopewa. Karakanani tulikaa zaidi ya saa nzima tukinyweshwa chai na kuonyeshwa paka wa mawe. Hekaluni tukapewa dakika 40. Mwongozaji wetu, kijana mcheshi, alitafuta kivuli kule chini, akatuambia "huyu alikuwa malkia aliyevaa ndevu", akatuelekeza pa kupigia picha, akaketi. Nikapanda, nikapiga picha, nikashuka. Jua lilituchoma kutoka juu na kutoka chini, maana jiwe lile la chokaa linakurudishia mwanga usoni kama bati jipya.

Usiku nikawa napitia picha kwenye simu. Moja nilikuwa nimeipiga ovyo, ukuta tu. Nilipoikuza nikaona ngisi. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mombasa, ngisi simkosei. Pembeni yake kulikuwa na kambakoche na ndevu zake ndefu. Viumbe wa baharini wanafanya nini kwenye ukuta wa hekalu lililo jangwani, ng'ambo ya Mto Nile? Kesho kutwa yake nikarudi peke yangu.

Kufika si kazi. Feri ya abiria inavuka kutoka upande wa mji, ndogo sana ukiizoea ya Likoni, na ukishuka madereva wa teksi wanakuvamia. Patana bei kabla hujaingia garini, na iwe ya kwenda, kukusubiri na kurudi. Njiani kuna vizuizi vya polisi. Usikasirike navyo: Novemba 1997 watu 62 waliuawa hapa hapa hekaluni, wengi wao watalii. Mama alilikumbuka hilo kabla yangu, akanipigia simu asubuhi na jioni.

Nilifika mapema, kabla ya mabasi. Mlima unasimama wima nyuma kama pazia, na hekalu limeegemezwa kwenye kiuno chake: majukwaa matatu, moja juu ya jingine, kila moja na baraza la nguzo mbele, na njia pana ya mwinamo inayokupandisha katikati. Nguzo nyingi unazoziona zimesimamishwa upya. Wataalamu wa Poland wamekuwa wakishirikiana na Wamisri katika kazi hiyo tangu 1961. Kushoto kuna mabaki ya hekalu la Mentuhotep II, lililolitangulia hili kwa kama miaka 500. Kwa hiyo Hatshepsut hakuchagua mahali tu. Alikwenda kujenga ubavuni kwa mfalme wa zamani aliyeheshimiwa.

Jambo ambalo hatukuambiwa siku ya kwanza: hili si kaburi. Kaburi lake liko nyuma ya mlima huohuo, Bonde la Wafalme. Hapa palikuwa pa kumtolea sadaka yeye na mungu Amun, na hekalu linatazamana na Karnak, nyumba ya Amun, ng'ambo ya mto. Mara moja kila mwaka sanamu ya Amun ilitolewa Karnak, ikavushwa Nile, ikabebwa ndani ya mashua takatifu kwenye mabega ya makuhani, ikapandishwa njia hii hadi chumba cha ndani kabisa kilichochongwa mwambani. Ukilijua hilo, ile njia ya mwinamo haiwi tena ngazi ya kupigia picha. Geuka nyuma ukiwa juu, utazame mashamba na mto. Utaona maandamano yalikotokea.

Sasa ngisi wangu. Jukwaa la pili, baraza la kushoto unapopanda. Ni hadithi ya safari ya Punt, nchi ya kale ambayo mahali pake hasa hapajulikani, katika mwaka wa 9 wa utawala wake (alitawala takriban 1479 hadi 1458 KK). Anza kusoma kusini, upande wa mwisho wa baraza: kuna nyumba zimeinuliwa juu ya miti, mtu anapanda kwa ngazi, mithili ya dungu la kulindia shamba. Mkuu wa Punt, Parahu, anatoka kuwalaki wageni pamoja na mkewe Ati, mwanamke mnene ajabu, na nyuma yao punda mdogo ambaye maandishi yanamtaja kuwa ndiye anayembeba mke huyo. Nilicheka peke yangu. Kipande chenye Ati siku hizi kimehifadhiwa makumbusho ya Cairo.

Kisha shehena. Mabaharia wanapanda merikebu wakiwa na miti ya ubani iliyong'olewa na mizizi yake, imewekwa vikapuni, imening'inizwa kwenye miti ya kubebea mabegani. Wengine huiita manemane badala ya ubani, wataalamu hawajapatana. Kuna dhahabu, pembe za ndovu, ngozi za chui, nyani wanaoparamia kamba za mlingoti, na magogo ya mti mweusi. Mti huo mweusi wa Wamisri ndio mpingo wetu, uleule wanaouchonga Wamakonde. Chini ya merikebu, mstari mzima wa maji, na ndani yake samaki wa Bahari ya Shamu. Mchongaji, au aliyemchorea, aliwaona. Samaki wa kubuni huwa hana mapezi mahali pake.

Mandhari niliyokaa nayo zaidi ni ya kupima. Ubani umemwagwa chungu chungu, na watu wanaupima kwa vyombo, kimoja baada ya kingine, huku mungu wa waandishi akirekodi hesabu. Nimekulia nikiona mchele na kunde vikipimwa kwa pishi na kibaba. Sikuhitaji mtu anifasirie.

Kuna wanaoivuta Punt mpaka pwani yetu. Mimi siivuti. Vipimo vilivyofanywa kwenye maiti za nyani waliokaushwa na Wamisri vinaelekeza Eritrea, Ethiopia na Somalia, na hapo ni karibu vya kutosha.

Kwa nini mfalme achonge biashara ya ubani kwenye hekalu lake? Nenda baraza la upande wa pili, kulia. Pale pamechongwa kuzaliwa kwake: Amun anajigeuza umbo la babake, Thutmose wa Kwanza, anamjia mamake Ahmose, mungu Khnum anamfinyanga mtoto kwenye gurudumu la mfinyanzi. Picha zimefifia na inabidi uzisubiri macho yazizoee. Weka mabaraza haya mawili pamoja. Huku anasema: mimi ni binti wa Amun. Kule anasema: na huu ndio ubani niliomletea baba yangu. Alikuwa mjane wa Thutmose wa Pili, alianza kwa kumshikia kiti mtoto wa mumewe, kisha akajivika taji mwenyewe. Maneno ya watu bila shaka hayakukosekana.

Alichorwa kwa umbo la mwanamume, ndevu za bandia kidevuni, lakini maandishi mara kwa mara yanamtaja kwa viambishi vya kike. Waandishi walibabaika. Kiswahili kingewaokoa: yeye ni yeye.

Utaona pia mahali pengi picha yake imefutwa kwa patasi, umbo la mtu limebaki kama kivuli. Ni kazi ya Thutmose wa Tatu, yule mtoto wa mumewe. Mwongozaji wa kwanza alisema ni chuki. Lakini ufutaji huo ulikuja kama miaka 20 baada ya Hatshepsut kufariki, na hasira gani ya kungoja miaka 20? Wengi sasa wanaona lilikuwa suala la nani arithi kiti. Wafutaji hawakuwa makini. Pembeni jina limenusurika.

Usikose hekalu dogo la Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, mwisho wa baraza la kulia. Rangi mle bado mbichi: nyekundu, manjano, dari ya buluu yenye nyota.

Nyota ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. Maelezo yaliyobandikwa ni machache mno. Usiposoma kabla, kuta ni kuta tu. La pili ni walinzi wanaokuita pembeni "nikuonyeshe kitu", kisha mkono wa bakshishi. Mmoja, mzee wa kanzu ya kijivu, nilimwita "ya hagg" (ewe haji) kama nilivyosikia wenyeji, akanionyesha kisiki kikavu kwenye uzio karibu na lango la chini, akasema ndio mti wa Punt. Nilikuwa nimesoma kwamba visiki vya pale ni vya mti mwingine. Nikampa chake hata hivyo.

Maji mawili ya lita, kofia, saa tatu kwa uchache. Ukiweza, nenda Karnak siku ya kwanza, hapa siku ya pili.

Jioni nikaingia soko la Luxor nikanunua ubani, muuzaji akiapa kwamba umetoka Somalia. Nyumbani, Mama alifungua karatasi, akanusa, akatupa punje mbili kwenye chetezo.

"Huu si kama wa Marikiti huu? Umenunua kwa ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia kahawa inapoa.