Mafuta ya nyonyo kwenye injini ndogo za ndege za modeli: uzoefu wangu

Nimeyatumia kwenye Cox .049 (injini ndogo ya kampuni ya Cox, sisi 0.8, yaani sentimita za ujazo 0.8) na kwenye injini ya sisi 2.5 yenye beringi. Kwa Cox sina ubishi: weka nyonyo. Konrodi yake (mkono unaounganisha pistoni na shafti) imeungwa na pistoni kwa kifundo cha duara, kama nyonga, na shafti haina beringi. Ukibana sindano ya kabureta kupita kiasi, fueli inapungua na injini inapata joto kali. Mafuta ya sintetiki huungua na kuisha, ila nyonyo huzidi kuwa zito na kubaki palepale kwenye chuma.

Injini hizi huchoma methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha; kwa lita moja ya fueli napima mililita 200 za nyonyo na 800 za methanoli. Mizani ni bora kuliko chupa ya vipimo, maana nyonyo linang'ang'ania kuta: gramu 192 hivi kwa gramu 633. Cox nayo inapenda nitromethani (kimiminika cha kuongeza nguvu), kwa hiyo mililita 150 za methanoli naziondoa na kuweka nitromethani badala yake.

Chupa za nyonyo la nywele zina mchezo. Nyingi zimetiwa manukato au mafuta mengine. Changanya kijiko kimoja na vijiko vinne vya methanoli, tikisa, acha litulie. Nyonyo safi linayeyuka lote na kuwa angavu. Likibaki na ukungu au likajitenga chini, rudisha kwenye nywele. Alizeti, nazi na oili ya gari haviyeyuki humo.

Ubaya wake ni ule utando wa kahawia unaoganda ndani ya silinda. Dalili: injini inawaka vizuri, ikipata moto inapoteza nguvu na kuzima. Fungua silinda, isugue ndani kwa stilwulu laini sana yenye methanoli, kisha suuza. Chembe moja ya waya ikibaki itakwaruza pistoni. Injini iliyokwama baada ya kukaa kabatini usiilazimishe kwa propela. Ipashe kwa draya ya nywele mpaka nyonyo lilegee, ndipo uzungushe taratibu.

Ile ya beringi nimeipunguzia: nusu nyonyo, nusu sintetiki, jumla asilimia 20 ileile. Utando umepungua sana, na bawa halirudi limelowa kama maandazi.

Vaa glavu, fanyia kazi nje. Methanoli ni sumu hata ikipita kwenye ngozi, na moto wake juani hauonekani.