Packstation ya DHL, Ujerumani: kabati la vifurushi kwa asiyeshinda nyumbani

Kwa mgeni anayefanya kazi Ujerumani na mchana hana mtu nyumbani, Packstation ni huduma nzuri mno, tena bure. Jisajili kwanza upate namba yako ya mteja, Postnummer. Ukiagiza kitu, andika jina lako, chini yake Postnummer, kisha neno Packstation na namba ya kabati, halafu msimbo wa posta na mji. Usiisahau Postnummer hata kidogo! Isipoandikwa, mfumo haujui mzigo ni wa nani, na unaweza kurudishwa kwa muuzaji. Mzigo husubiri siku 7. Makabati mengine hayana skrini, hivyo nenda na simu yenye chaji, Bluetooth ikiwa imewashwa. Kasoro: kampuni nyingine za usafirishaji hazileti hapo, basi uliza duka kabla ya kulipa.