Shahada ya uzamili ya uchunguzi wa uhalifu wa kifedha kwa mtandao: uzoefu wangu nikiwa Zanzibar

Nimemaliza shahada ya uzamili ya uchunguzi wa uhalifu wa kifedha na uzingatiaji wa sheria. Nimeisoma kwa mtandao kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza, huku nikiendelea na kazi yangu ya benki, kwanza Pemba kisha Unguja. Wenzangu wa visiwa vyote viwili wananiuliza kama inafaa. Kwa aliyekwisha kukaa kaunta au kwenye kitengo cha uzingatiaji, inafaa sana. Anayetafuta ajira ya kwanza asitoe fedha yake bado, nitaeleza sababu.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kufundishwa kuandika. Sheria inazitaka benki zipeleke taarifa za miamala shukiwa kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Taarifa nyingi nilizowahi kuziona zinasema mteja ameweka fedha nyingi kuliko kawaida yake, tunashuku, basi. Fedha zimetoka kwa nani, zimekwenda kwa nani, lini, na kwa nini hazilingani na biashara aliyoitaja, hayo hayamo. Mchunguzi akipokea karatasi kama hiyo hana pa kuanzia.

Katika somo la kufuatilia fedha tulipewa jalada la kampuni ya kubuni inayoagiza vigae kutoka nje. Nilizichapisha taarifa za akaunti zote kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Darajani, nikazitandaza mkekani, kalamu ya kijani kwa fedha inayoingia na nyekundu kwa inayotoka. Kwa saa nzima sikuona kitu. Halafu nikaanza kusoma tarehe badala ya kiasi, na mambo yakajipanga. Kila Alhamisi kampuni ilipokea fedha taslimu kutoka kwa watu wale wale wanne, kila mmoja chini kidogo ya kiwango kinachoilazimu benki kuripoti, na kabla ya wiki kwisha fedha yote imeshatoka kwenda nje kulipia vigae. Bei kwenye ankara zake ilikuwa mara mbili ya ile aliyolipa mwagizaji mwengine kwa vigae hivyo hivyo, yaani vigae vilikuwa kisingizio cha kuvusha fedha nje. Ripoti tuliyotakiwa kuandika ilikuwa na sehemu tatu: ninachokijua na ushahidi wake, ninachokidhania, na ninachohitaji kukipata. Kazini sasa siandiki kwa mpangilio mwengine wowote.

Kesi za kweli zimechaguliwa vizuri. Ile ya Danske Bank, benki ya Denmark, tawi lake la Estonia, tuliichambua kwa muda mrefu: takriban yuro bilioni 200 zilipita pale kati ya 2007 na 2015, nyingi zikiwa za wateja wasioishi nchini humo. Howard Wilkinson, aliyefanya kazi katika tawi hilo, alitoa taarifa kwa wakubwa zake mwishoni mwa 2013. Moja ya mambo aliyoyagundua lilikuwa jepesi ajabu. Kampuni moja iliyosajiliwa Uingereza ilikuwa ikipitisha fedha nyingi kwenye akaunti yake, lakini hesabu ilizowasilisha kwa msajili wa makampuni wa Uingereza zilisema haina shughuli. Hakutumia mtambo wowote wa ajabu, alilinganisha karatasi mbili. Na sisi tuna Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, hapa hapa Zanzibar. Ni maafisa wangapi wanaokwenda kutazama jalada la kampuni kule kabla ya kukubali maelezo ya mteja? Mkasa ule wa Danske ulifika mwisho Marekani Desemba 2022, benki hiyo ilipokiri kosa na kukubali kutoa zaidi ya dola bilioni mbili. Miaka tisa tangu mtu wa ndani aseme!

Sasa upungufu, na hapa chuo nakilaumu. Kozi yote imejengwa kwa nchi ambako kila mtu ana nambari ya nyumba, bili ya maji kwa jina lake na mshahara unaoingia benki kila mwezi. Mteja wangu wa Kwahani anakaa nyuma ya msikiti, nyumba ina jina la marehemu bibi yake, na anayemthibitisha ni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake, kwa barua. Hakuna mhadhara hata mmoja uliogusa namna ya kumtambua mteja wa aina hiyo, wala mali ya familia iliyoandikwa jina la mmoja kwa niaba ya wote. Mmiliki manufaa, yaani mwenye mali wa kweli hata kama jina lake haliko kwenye karatasi, kwenye vitabu vyao ni mtu aliyejificha nyuma ya kampuni ya Panama. Kwetu anaweza kuwa kaka mkubwa anayepeleka kodi ya pango kwa ndugu zake saba, na hajaficha kitu.

Karafuu ndizo zilizonionesha pengo hilo wazi. Msimu ukiwa mzuri, mkulima wa Wete asiyekuwa na ajira inayojulikana anaweza kuja na furushi la fedha ambalo programu yoyote ya ufuatiliaji italipigia king'ora. Mwanafunzi mwenzangu wa London angeandika ripoti hapo hapo. Sisi tunajua kuwa karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa hiyo fedha halali ina kituo ilikotoka. Tunajua pia kuwa kuna karafuu za magendo zinazovushwa usiku kwenda pwani ya Kenya. Suala zima ni kuzitenganisha fedha hizo mbili, na hilo ndilo nililolichagua kuwa andiko langu la mwisho. Msimamizi wangu alikuwa hajawahi kusikia habari za magendo ya karafuu, lakini alinisaidia kwa moyo safi, akanitaka nimwelekeze kila hatua kuanzia mtini hadi bandarini.

Nisiwanyime haki yao: somo la mahojiano ni zuri mno. Wanafundisha mfumo uliotengenezwa na polisi wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya watu kufungwa kwa maungamo ya kulazimishwa. Msingi wake ni kujiandaa, kumweleza mtu kwa nini unamuuliza, kisha kumwacha asimulie bila kumkatiza. Nikiwa bado Pemba alikuja mzee mmoja na fedha nyingi, na kijana wa kaunta akamuuliza kavu kavu amezipata wapi. Mzee akakasirika, nami nikamkaribisha ndani.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Leo mimi wa kuulizwa hivi, mwanangu? Nimemzika baba yako kwa mikono yangu."

Nikamwambia sheria inatutaka tumuulize kila mtu, na swali lile lile angeulizwa mwanangu. Kisha nikamwomba anihadithie msimu umekwendaje. Akahadithia mikarafuu ya urithi, wachumaji aliowalipa, mvua iliyomchelewesha kuanika, na mwisho akatoa mfukoni mwa kanzu karatasi za kituo cha ununuzi zilizokunjwa mara nne, zinanukia karafuu. Kila nilichokihitaji kilikuwamo, na mzee aliondoka akinishukuru.

Kuhusu sheria zetu, jitegemee. Viwango vya kimataifa vinafundishwa vyema, yale mapendekezo 40 ya FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na fedha haramu, moja baada ya jingine. Lakini ESAAMLG, umoja wa kupambana na utakatishaji fedha wa Afrika ya Mashariki na Kusini wenye makao yake Dar es Salaam, ulipata mstari mmoja. Na hakuna atakayekwambia kuwa Tanzania Bara ina sheria yake ya 2006 na Zanzibar ina yake ya 2009. Nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya upungufu wao, Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025, na muda wote huo benki za nje zilikuwa zikituuliza maswali marefu kwa uhamisho mdogo tu. Nilitamani darasa lizungumze hilo kwa kina, kwa sababu tulikuwa tukiliishi. Hawala nayo, ile njia ya kutuma fedha kwa kuaminiana bila kupitia benki, imefundishwa kama ugonjwa. Kweli, asiye na leseni anavunja sheria, lakini mwanafunzi aelezwe pia kwa nini mfanyabiashara mwaminifu wa Darajani anayeagiza mzigo Dubai huipenda.

Mambo ya kila siku hayakunisumbua sana. Darasa la moja kwa moja lilikuwa saa mbili usiku, na Waingereza wanaporudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba likawa saa tatu. Mihadhara inarekodiwa, kwa hiyo Ramadhani niliisikiliza baada ya tarawehe. Mitihani ya kuangaliwa kwa kamera ndiyo inayotisha, maana umeme ukikatika katikati unaanza kuandikiana barua na ofisi yao. Weka bando la akiba kwenye simu na chaji kompyuta mapema. Ada ni kubwa kwa mshahara wa Zanzibar, ijapokuwa wanaruhusu kulipa kwa mafungu.

Kabla hujalipa hata fungu la kwanza, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya mtandao, itatambuliwa. Cheti kisichotambuliwa hakitakupandisha daraja serikalini. Anayetafuta kazi ya kwanza ndiye nisiyemshauri, kwa kuwa waajiri niliozungumza nao wanaangalia kwanza umewahi kushika majalada gani, na kozi haikupi majalada halisi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya sheha, karafuu na sheria ya 2009, na nimewaandikia chuo hivyo hivyo. Wakuu wa benki zenye matawi Wete, Chake Chake na Mkoani nawaomba wamlipie walau afisa mmoja wa kila tawi. Huko ndiko fedha za karafuu zinakoingilia, na maafisa wa huko ndio wanaopata mafunzo haya mwisho kabisa.