Tahadhari: turubai za milango na "picha asilia" za Unguja ya kale

Wenye nyumba za wageni na nyote mnaopamba kuta, chungeni. Kwenye magrupu ya WhatsApp wanazunguka wauzaji wenye turubai za milango ya Mji Mkongwe, kima punju wa msitu wa Jozani na picha wanazodai ni za enzi za Sultani Barghash. Wanataka kianzio nusu ya bei kwa simu. Baadaye hawapokei tena, au unaletewa kitambaa ambacho ukikisogelea huoni nakshi, unaona viraba.

Viraba vina sababu. Turubai ya sentimita 60 kwa 90 ili itoke safi inataka picha ya nukta (pikseli) kama 3,500 kwa 5,300. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hubanwa mpaka 1,600 hivi upande mrefu, na hiyo ndiyo wanayoiokota mtandaoni na kuichapa. Aliyepiga mwenyewe anayo faili kubwa. Mwambie akukatie kipande kidogo, tuseme msumari mmoja wa shaba, bila kukipunguza, akutumie kama dokumenti. Akianza hadithi za bando kuisha, achana naye.

Nyingine hazikupigwa na mtu kabisa, zimetengenezwa na kompyuta. Tizama maandishi ya Kiarabu juu ya mlango: ya kweli husomeka, mara nyingi ni aya, pengine na mwaka wa Hijria. Mtoto wa chuo cha Kurani atakusomea. Za kompyuta ni mikunjo mitupu. Kima punju naye mhesabu vidole vya mkononi: ana vinne virefu, dole gumba halipo au ni kijinundu tu. Akiwa na gumba zima kama la binadamu, huyo hajawahi kukanyaga Jozani.

Kwenye picha za kale ndiko pesa nyingi zinakopotea. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash hapo Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, na mnara wa wakati ule ulisimama peke yake mbele ya jumba. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, ndipo mnara wa saa ukaja kuunganishwa na jumba lenyewe. Barghash alifariki 1888. Basi "picha ya Barghash" yenye mnara uliogandana na jumba ni uongo, hata karatasi iwe na rangi ya chai namna gani. (Na mara nyingi ni chai kweli, inuse.)

Chukua kioo cha kukuzia. Picha ya kale iliyosafishwa studio haina vitone, kivuli chake kinateleza tu. Postikadi nyingi za kiwandani zina wavu wa vitone vilivyopangika. Ya printa ina chembe zilizotawanyika, tena mara nyingi za buluu na waridi, ijapokuwa picha ni nyeusi na nyeupe. Mhuri wa Gomes au Coutinho, wapiga picha wa Unguja ya zamani, ukiwa nyuma si ushahidi, mhuri huchongwa.

Malipo yawe mkono kwa mkono, umeshaikunjua turubai. Kama umeshatuma, usiongeze hata shilingi ya "kuikomboa bandarini". Pigia mtandao wako wa simu papo hapo na nambari ya muamala, peleka namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda polisi na mazungumzo yote, usiyafute.