Kalibu ya silikoni, fondanti ya pakiti na kobe wa Changuu: uzoefu wangu

Nianze na pesa, maana ndiyo iliyonitia jikoni. Mpishi mmoja wa keki hapa mjini nilimwuliza keki ya kobe ya kilo tatu, akanijibu laki na themanini, nusu itangulie. Picha aliyonitumia ilikuwa ya kobe wa kijani, anacheka, kavaa miwani ya jua. Binti yangu akachungulia simu, akasema, "Huyu siye." Akarudi kuchora.

Alikuwa anatimiza miaka mitano, na siku si nyingi kabla tulikuwa tumempeleka Changuu. Kwa asiyepajua, ni kile kisiwa kidogo unachokiona ukiwa Forodhani, mjini Zanzibar, wanakokaa wale kobe wakubwa ambao mtoto akisimama nao unashindwa kujua nani kapigwa picha na nani. Wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jambo lililomkaa mwanangu si ukubwa wao. Ni kwamba wameandikwa umri mgongoni, kwa rangi ya buluu. Alipoelezwa kuwa ile namba ni miaka, alimtazama mmoja aliyepita mia, akajitazama mwenyewe, akaniuliza kwa nini yeye hajaandikwa. Basi keki ikawa hiyo: kobe wa Changuu, mgongoni 5 ya buluu.

Nilinunua vitu vitatu: kalibu ya silikoni yenye umbo la kobe kwa 25,000, fondanti nyeupe, lile donge la sukari linalosukumwa na kuvikwa keki, pakiti mbili za kilo moja kwa 36,000, na vichupa vitatu vya rangi ya jeli, 15,000 vyote. Nitasema kweli juu ya kila kimoja, lakini kalibu ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwenye boksi lake kuna picha ya keki iliyotoka nzima, kila ukucha mahali pake, na maneno kwamba haigandi wala haihitaji kupakwa mafuta. Mimi nikaipaka mafuta hata hivyo, kwa tabia. Rojo lilikuwa la kawaida: mayai matano, na siagi, sukari na unga robo kilo kila kimoja, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki, na ganda la chungwa lililoparwa. Nikajaza mpaka theluthi mbili, nikaweka kwenye oveni, digrii 170.

Baada ya dakika 30 miguu ilikuwa rangi ya kahawia nzuri. Baada ya dakika 45 miguu ilikuwa imeanza kunuka kuungua, na nikichoma chelewa katikati ya mgongo inatoka na rojo bichi. Ukifikiri kidogo unaona kosa liko kwenye umbo lenyewe. Mguu una unene wa vidole viwili, mgongo una kina cha kiganja kizima, halafu vyote viwili vinaingia motoni saa moja na kutoka saa moja. Na silikoni haipitishi moto upesi kama bati, kwa hiyo pale katikati panapohitaji moto zaidi ndipo unapochelewa kufika. Nilifunika miguu kwa karatasi ya alumini, nikaongeza dakika 25. Ikaiva. Nikaiacha ipoe kama walivyoelekeza, nikapindua, nikavuta kalibu taratibu, na shingo ikabaki ndani. Kichwa, shingo na mguu mmoja wa mbele. Kilichokaa kwenye sinia kilikuwa na mabaka na kimebonyea katikati.

Bi mkubwa wangu, ambaye alikuja kwa ajili ya sherehe na hakuombwa maoni, alikizunguka mara moja. "Huyu kobe, mwanangu, au chapati imeota miguu?"

Haya, tuheshimiane. Nilifunga mabaki kwenye nailoni, nikayatia friji, nikaenda kulala.

Siku ya pili bi mkubwa akataka nipike mkate wa mayai, maana ndio anaoujua na ndio aliotulea nao. Ilibidi nimweleze kwamba mkate wa mayai ni mwepesi, umejaa hewa, ukiutwika fondanti nusu kilo unakaa chini. Keki ya kuchongwa inataka siagi, iwe imeshikamana. Hakuridhika, ila akaniletea kitu nilichopaswa kukifikiria tangu mwanzo: lile bakuli la chuma la kukandia unga, la mviringo, ambalo ukilifudikiza ni gamba la kobe tayari. Nikalipaka siagi, nikanyunyiza unga, nikalijaza rojo jipya kiasi kile kile. Nikageuka niliweke kwenye oveni, umeme ukakatika.

Beking pauda ikishaloa haikungoji. Bi mkubwa hakusema kitu, alitoka nje na jiko la mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini yake kiasi cha vidole viwili, likapata moto vizuri, bakuli likakaa juu ya mchanga, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu akaupunguza mara mbili kwa koleo, kwa kusikiliza harufu tu. Saa moja na dakika kumi. Chelewa ikatoka kavu. Ile keki ilipopinduliwa ilianguka kwenye sinia kwa mlio mmoja mzito, nzima, mviringo, imepata rangi sawa kila upande. Umeme ulirudi tukiwa tunakunywa chai.

Kwa hiyo kalibu: hapana. Labda ingefaa kwa jeli, au kwa vikeki vidogo ambako hakuna tofauti kubwa ya unene. Kwa keki ya kulisha watoto ishirini, bakuli la jikoni kwako linaishinda, nalo umeshalilipia miaka kumi iliyopita.

Miguu na kichwa je? Hapa ndipo yale mabaki ya friji yalipopata kazi. Nilikata sehemu zilizoungua, nyingine nikazifikicha ziwe makombo, nikachanganya na krimu ya siagi kidogo kidogo mpaka zikashikana kama unga wa visheti. Unafinyanga upendavyo. Miguu minne minene kama ya tembo, maana kobe wa Changuu hana miguu ya mapambo, na mkia mfupi. Anayefinyanga miguu kwa fondanti tupu anapoteza pesa, na mtoto akipewa kipande cha mguu anapewa sukari tupu.

Sasa fondanti. Hii ya pakiti naisifu, kwa masharti. Ikitoka kwenye pakiti ni ngumu, unaikanda kama dakika tano mpaka iwe laini kama sikio. Nilisukuma kwa mti wa chapati juu ya konflawa kidogo, unene wa milimita nne hivi. Nilijaribu kipande cha milimita mbili, kikachanika kwenye bega la keki. Imekaa vizuri, imefuata mviringo, haikupasuka. Kwanza lakini uipake keki krimu, tabaka jembamba la kukamata makombo, uigandishe friji nusu saa, upake tabaka la pili. Krimu yangu ilikuwa nusu siagi nusu majarini, kwa sababu siagi tupu kwa joto la mwezi wa tatu, masika yamekaribia na hewa imejaa maji, inalegea hujamaliza kupaka upande wa pili. Wanaopika kwenye kiyoyozi wana ushauri wao. Mimi nina feni.

Rangi ilikuwa kisa peke yake. Nilikuwa nimeshakanda nusu kilo nzima ya fondanti ya kijani, kijani cha picha za kwenye simu, mikono inaniuma. Binti akaingia jikoni. "Mama, kobe wa Changuu si kijani." Nikamwambia hii ni keki. Akanijibu kuwa anajua ni keki, ila kobe si kijani. Nikakaa chini. Halafu nikakumbuka somo la kuchora la skuli: kijani na nyekundu zikikutana zinazaa kahawia. Nikatia tone la nyekundu kwa ncha ya kijiti, nikakanda, tone jingine, nikakanda. Tone la nne ikaanza kuwa kama udongo mbichi. Nikaongeza kidogo sana buluu, ikazama kwenye ile kahawia ya kijivu iliyokolea waliyo nayo wale wazee kweli. Hapo ndipo jeli inapostahili bei yake. Rangi ya maji, ile ya vichupa vya shilingi elfu, ungetia nyingi hivyo fondanti ingekuwa uji. Donge dogo la kijani lilikuwa limebaki pembeni, nikalifunga nailoni bila sababu.

Tukafungua picha tulizopiga kisiwani tukahesabu magamba. Katikati ya mgongo yamepangana matano, kila upande manne, na madogo madogo kuzunguka ukingo. Kumi na tatu makubwa. Binti aliposikia matano ya katikati alichukulia kuwa yamewekwa kwa ajili yake. Nilikata kila gamba kwa kisu, si duara kamili wala si la pembe sita sawasawa, nikaligandisha kwa maji kidogo, kisha kwa mdomo wa mrija na mgongo wa kisu nikachora ile mistari inayozunguka kama miduara ya mti uliokatwa. Kazi hii ilichukua muda kuliko vyote, na ndiyo niliyoifurahia. Kufikia gamba la saba hata bi mkubwa alikuwa amevuta kiti na kijiko cha chai anabonyeza ukingo.

Masharti niliyoyasema ni haya. Usiitie friji keki iliyokwisha kuvikwa fondanti, kisha ukaitoa wazi kwenye hewa ya pwani. Mimi niliitoa usiku kuangalia, baada ya dakika kumi kobe alikuwa anatoka jasho, matone kabisa, na buluu ya 5 imeanza kutambaa. Sukari inavuta maji, na kitu baridi kwenye hewa yenye unyevu kinavuta zaidi. Nilizima hasara kwa feni ya mbali, bila kugusa, maana ukigusa alama ya kidole haitoki. Ile 5 niliifuta, nikakata nyingine asubuhi. Kama ni lazima friji, itie ndani ya boksi la karatasi lililofungwa, na ukiitoa iache humo humo mpaka ipoteze baridi. Au fanya kama nilivyopaswa kufanya: vika usiku wa kuamkia siku yenyewe, iache mezani mahali penye upepo.

Kichwa nilikifinyanga kwa makombo, nikakivika fondanti, shingo ndefu imenyooka mbele kama anavyofanya akiona majani. Ndani nilipitisha spageti kavu nne, si vijiti vya meno. Chakula cha watoto usikifiche kitu chenye ncha kisicholika. Spageti zilishika usiku kucha. Saa nne asubuhi, saa mbili kabla ya wageni, shingo ikaanza kuinama, polepole, kwa heshima zote, mpaka kidevu kikagusa sinia. Kunyanyua ni kupasua. Nikashika tama.

Bi mkubwa akauliza lile donge la kijani liko wapi.

Akalisukuma jembamba, akalikata majani matatu ya mchicha, akayachana mishipa kwa ukucha, akayaweka chini ya mdomo. Jani moja akalipunguza ukingo, limeng'atwa. Kobe hakuwa ameanguka tena, alikuwa anakula, kama walivyokula mkononi mwa binti yangu siku ile. Wageni waliulizana nilipata wapi wazo. Nilisema tulikaa tukafikiri.

Hesabu: na mayai, siagi na mengineyo kama 45,000, jumla ilifika 121,000. Bila kalibu ingekuwa 96,000. Usiku mbili za kazi sijazihesabu, na mtu mwenye ajira ya kutwa na mtoto mchanga namshauri amlipe mpishi kwa roho safi, ila ampe picha ya kobe halisi na asimame hapo hapo. Fondanti ya pakiti nitanunua tena, jeli nitanunua tena. Kalibu nimempa wifi yangu, nikamwambia ukweli wote, akaichukua hivyo hivyo.

Wakati wa kukata, binti akakataa kisu kisiguse mgongo. Tukaanza na mguu wa nyuma, akamlisha bibi yake kwanza, kisha baba yake, kisha mimi, watoto wakapanga foleni. Keki ikaliwa kuanzia pembeni kwenda ndani mpaka ikabaki kisiwa cha katikati, na gamba moja juu yake. Hilo akalibandua mwenyewe kwa mikono miwili. Liko kwenye mlango wa friji mpaka leo, ndani ya kibakuli cha siagi, linatoka jasho kila mlango ukifunguliwa. Buluu imeshavuja, ukiitazama haraka unaweza kusoma 8, na baba yake aliposema tulitupe aliulizwa kama Changuu huwa wanawatupa.