Kusafisha mifereji ya paa kabla ya Masika: kipi ununue, kipi uunde mwenyewe

Februari ndio wakati wake. Masika huingia Machi, na mfereji uliojaa majani ya mwembe haustahimili mvua kubwa: maji yanafurika, yanarudi chini ya bati na kulowesha ukuta. Yatakayotuama humo ni mazalia ya mbu wa dengi.

Nimepanga kwa kufuata kipi kipewe pesa mwanzo, na cha kwanza ni ngazi. Ndiyo, ngazi. Hapa usibane mkono. Ile iliyogongwagongwa kwa mabaki ya mbao za ujenzi, mwachie fundi aliyeigonga. Ya alumini ni nyepesi na inavumilia upepo wa chumvi, lakini nyaya za umeme zikipita karibu na paa, chukua ya mbao kavu, na hata hiyo iweke mbali nazo. Kila mita 4 za kwenda juu, miguu ivutwe mita 1 kutoka ukutani. Kichwa kiegemee ukuta, si mfereji.

La pili halinunuliwi: koleo la dumu. Chukua dumu tupu la mafuta ya kupikia la lita 5, acha kifuniko kikiwa kimefungwa, kata kitako kwa mshazari, ushike mkono wake. Plastiki inajipinda kufuata umbo la mfereji na kukomba ule uji mweusi wa majani yaliyooza bila kukwaruza bati. Ndoo itundike kwenye ngazi kwa kulabu ya waya mnene. Vaa glovu, kingo za bati zinakata. Upawa wa jikoni nao unafaa, kama unaweza kumkabili mwenye jiko.

Tatu ni bomba la plastiki la nusu inchi lenye viwiko viwili kileleni, likiungwa na mpira wa maji. Unasafisha ukiwa chini, raha tupu. Tatizo ni msukumo: tangi likiwa kwenye mnara wa mita 3 na mfereji uko kimo hicho hicho, maji yatachuruzika tu. Huna pampu, usilinunue. Unayo, basi kwanza chomoa bomba linaloingia kwenye tangi la maji ya mvua, la sivyo uchafu wote utaunywa.

Mwanzi uliofungwa ufagio wa chelewa ni rahisi kwa bei, soko la Darajani hapa Unguja hukosi chelewa. Lakini ni wa majani makavu tu.

Mwiko wa mwashi, hapana. Unaparura zinki, na kwa hewa yetu ya bahari kutu haichelewi.

Ukibakiwa na chenji, nunua kipande cha wavu wa kuku, kikunje kiwe tufe, ukitie kwenye tundu la bomba la kuteremshia maji. Masika ikishika kikague kila wiki, maana nacho huziba.